Tangi la maji ya mvua linamenyeka ndani, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Niko Kisumu, na maji yetu ya kunywa ni ya mvua: kutoka kwenye mabati hadi tangi la plastiki la lita 1,000, ambalo limekaa juani mwaka wa saba sasa. Juzi niliingiza mkono nilisugue, kiganja kikatoka na unga mweusi pamoja na vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Kumbe ndiyo tunayokunywa!

Nimesoma kidogo. Maikroplastiki ni vipande vilivyo chini ya milimita 5, vingine havionekani kwa macho. Kukimbilia maji ya chupa si dawa, maana mwaka 2024 watafiti wa Marekani walikuta wastani wa chembe kama 240,000 katika lita moja. Mwaka huohuo wenzao wa China walionyesha kwamba kuchemsha maji kisha kuyachuja hupunguza chembe hizo, hasa maji yenye chokaa nyingi, kwa kuwa chokaa huganda na kuzinasa. Ya mvua hayana chokaa. Hapo ndipo nimekwama.

Klorini natia, lakini hiyo ni ya vijidudu tu. Mama mkwe anataka turudie chungu, nami sioni kama amekosea, ila chungu hakichuji.

Aliyetumia kichujio cha udongo, kinadumu? Au nianze kwa kulijengea tangi kivuli huku nikichangisha pesa za tangi la chuma?