Mrejesho: kupima kama mijadala ya darasa mtandaoni inafundisha

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza nitajuaje kama mijadala inawafundisha wanafunzi, wakati michango ni mingi lakini kazi zao za mwisho hazibadiliki.

Ushauri uliosaidia zaidi ni wa kuacha kuhesabu michango na kuipanga kwa hatua nne za fikra za watafiti Garrison, Anderson na Archer (2000): kichocheo (swali au tatizo linaloanzisha mjadala), uchunguzi (kutoa mawazo mbalimbali), uunganishaji (kuyaunganisha mawazo hayo), utatuzi (kulitumia au kulijaribu suluhisho). Wasahihishaji wawili wapange sampuli ileile ya michango kila mtu kivyake, kisha walinganishe. Ugomvi wote uko kati ya uchunguzi na uunganishaji. Kanuni iliyotuliza: maoni yanayosimama peke yake ni uchunguzi, mchango unaochukua hoja za wenzake wawili na kufikia hitimisho ni uunganishaji.

Michango mingi ilikwama kwenye uchunguzi, na chanzo kilikuwa swali lenyewe. “Mna maoni gani?” huzaa “nakubaliana na mwenzangu”. Swali jipya: “Chagueni njia moja kati ya hizi mbili, toeni ushahidi, na mseme ni kitu gani kingewafanya mbadili uamuzi.” Mchango wa kwanza Jumatano, majibu Jumapili. Hapo uunganishaji uliongezeka waziwazi, ila utatuzi bado ni haba.

Kupeana alama wenyewe kwa wenyewe kumegoma, kwani wanapeana alama zote. Na kumbukumbu za mfumo zinaonyesha nani kafungua ukurasa, si nani kasoma. Kwa wasomaji wa kimyakimya, yaani wanaosoma bila kuchangia, aya moja wanayoandika mwishoni mwa wiki, “hoja gani imekubadilisha na kwa nini”, inaeleza mengi zaidi.