Kampuni za gemu zinamtazama nani: madogo au sisi wenye ndevu?

Fundi Padi
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha gemu Tandika, mwaka wa saba huu, mashine nne, mechi moja shilingi 500. Siku zote niliamini hii ni biashara ya madogo. Wakitoka shule wanajaa mpaka mlangoni, sarafu zimelowa jasho mkononi, wawili wanachangia mechi moja na kila mmoja anacheza kipindi chake.

Mwezi uliopita nikaanza kuandika mapato kwa saa. Nimeshtuka. Hela yenyewe inaingia baada ya saa mbili usiku: mafundi gereji, makonda, mwalimu mmoja wa sekondari. Watu wa miaka 28 mpaka 40. Hawaombi kupunguziwa. Mtu analipia mechi kumi kwa mpigo, akifungwa anaongeza. Sasa nataka mashine ya tano na sijui nimnunulie nani. Hao wanaotengeneza gemu, rika gani hasa linawaweka mjini?

Mama Zuhura
Nakujibu kama mzazi. Mwanangu ana miaka 11. Alipakua gemu ya bure, nikafurahi kwamba haina gharama. Desemba nikakuta shilingi 46,000 zimekatwa kwenye kadi yangu ya benki, niliyokuwa nimeiacha kwenye simu. Kanunua nguo za mchezaji wake wa kwenye skrini. Hazimwongezei nguvu wala pointi, ni nguo tu! Nililia, kaka yangu, ile ilikuwa hela ya madaftari. Mchezaji ni yeye, mlipaji ni mimi. Sasa hao wenye gemu wanahesabu umri wa nani?

Mkongwe wa Tanga
Dada, umegusa penyewe. Mwenye kadi ndiye wanayemwinda. China mwaka 2021 ilipowabana walio chini ya miaka 18 wacheze saa moja tu jioni za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili na siku za sikukuu, watu walidhani kampuni zitaanguka. Kumbe Tencent, kampuni kubwa ya gemu ya huko, ilikuwa imeshatoa hesabu zake siku chache kabla: walio chini ya miaka 16 walikuwa wanaleta 2.6 tu kwa kila mia ya mapato yake ya gemu nchini humo.

Mkuu, mimi nina miaka 41. FIFA ya kwanza, ile gemu ya mpira, ilitoka 1993, dogo aliyeicheza leo ni baba wa watu. Gemu ya Final Fantasy VII ilitoka 1997, ikatengenezwa upya 2020. Aliyekuwa na miaka 12 ilipotoka, akiazima padi ya kuchezea ya jirani, ilipotengenezwa upya alikuwa na 35 na mshahara. Huyo ndiye waliyemsubiri.

Lakini usiwadharau madogo, maana kampuni haziwadharau. Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, mwaka 2022 walikubali kulipa dola milioni 520 huko Marekani: milioni 275 kwa kukusanya taarifa za watoto, na milioni 245 za kuwarudishia watu waliokatwa hela kwa vitufe vya mtego. Mtoto hana kitu mfukoni, ila mazoea anayoyapata leo anakua nayo.

Fundi Padi
Mama Zuhura, pole sana. Itoe kadi kwenye hiyo simu leo leo.

Mkongwe, umenikumbusha kitu. Kuna konda anakuja kila Alhamisi, ana miaka 20. Mwaka nilipofungua alikuwa dogo wa 13, nikimfukuza giza likiingia arudi kwao. Mpaka leo anakaa stuli ileile ya pembeni na anataka padi ileile ya bluu, ambayo raba ya kidole gumba cha kushoto imelika mpaka plastiki inaonekana. Nimempa mpya mara mbili, anairudisha.

Basi mashine ya tano ni ya watu wa usiku, na kesho naenda kwa seremala kuagiza viti viwili vya kuegemea. Mchana madogo wenye sare watalipa 300. Ile padi ya bluu nabadilisha raba tu.