Mjadala: Kufungua tangi la mafuta ghafi kwa mkono, kupigwe marufuku Uganda?

Mleta mada
Tuamue sasa, kabla mazoea hayajaota mizizi kwenye visima vya Ziwa Albert. Mtu anapanda juu ya tangi, anafungua kifuniko, anateremsha utepe wa kupimia au chupa ya sampuli. Kazi hiyo ipigwe marufuku, au iendelee kwa masharti? Mimi nasema marufuku. Marekani, kati ya 2010 na 2014, wafanyakazi tisa walikufa wakiifanya. NIOSH na OSHA, taasisi za serikali yao za usalama kazini, wakatoa onyo la pamoja mwaka 2016. Propani na butani, gesi zinazotoka kwenye mafuta hayo, zikivutwa kwa wingi huvuruga mapigo ya moyo, na mtu huanguka kabla hajaita. Maiti haina jeraha, basi kifo huweza kuandikwa kuwa ni cha maradhi ya moyo.

Mpimaji, Hoima
Mkuu, mfano huo hautufai wote. Kule mafuta hutoka kwenye kitenganishi (chombo cha kutenga mafuta, gesi na maji) yakiwa na shinikizo na kuingia moja kwa moja kwenye tangi dogo kando ya kisima, na gesi iliyoyeyuka inafoka kama soda iliyotikiswa. Hapa kwetu, mafuta ya mradi wa Tilenga yamepangiwa kwenda kwa bomba hadi kiwanda cha Kasenyi kuondolewa gesi kwanza. Kingfisher, mradi wetu wa pili, nayo ina kiwanda chake. Salfa yetu ni kidogo. Shida yetu ni nta: ndiyo maana bomba la kwenda Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limewekewa mfumo wa kulipasha joto. Nta inagandia rada na kuziba kipimo cha shinikizo, vifaa vya kupima kina cha mafuta bila kufungua tangi. Tangi la kipenyo cha mita 40, kosa la sentimita moja ya kina ni zaidi ya lita 12,500. Bila utepe wa mkono nani atahakiki?

Afisa usalama, Kikuube
Ndugu Mpimaji, hiyo ya salfa ndiyo imani inayonitia hofu kuliko zote. Salfa kidogo inapunguza hidrojeni salfaidi, ile gesi ya sumu inayonuka mayai yaliyooza, haipunguzi propani, na propani safi haina harufu. Isitoshe, Tilenga ni ya kuingiza maji ardhini kusukuma mafuta, na maji hayo baada ya miaka huweza kulea bakteria wanaotengeneza hiyo hiyo hidrojeni salfaidi. Ikifika sehemu 100 kwa milioni, pua inaanza kufa ganzi. Harufu ikipotea ghafla, usidhani gesi imeondoka.

Tena wengi hutegemea kengele ya oksijeni. Fanyeni hesabu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na kengele hulia ikishuka hadi 19.5. Kushuka huko kunamaanisha takriban asilimia 6.7 ya hewa imeshasukumwa na mvuke. Propani huweza kulipuka kuanzia asilimia 2.1. Kengele ya oksijeni inapolia, wewe tayari umesimama ndani ya kitu kinacholipuka.

Kipima gesi cha kiunoni nacho kina mtego. Kikirekebishwa kwa methani, mvuke mzito kama pentani hukisomesha karibu nusu ya uhalisia. Na kihisi cha kuunguza gesi kinahitaji oksijeni, kwa hiyo mvuke ukiwa mwingi sana namba hupanda, kisha hurudi chini kana kwamba hewa imesafika. Cha infraredi hakina tatizo hilo. Barakoa ya makaa haiongezi oksijeni hata chembe. Hapo ni hewa ya mtungi au hakuna kupanda.

Fundi wa vifaa vya kupimia, Buliisa
Nta ina dawa, Mzee. Rada ifungwe mahali ambapo tone linaloganda linateleza, shingo yake ipashwe joto. Kipimo cha shinikizo kiwe na kiwambo kilicho sawa na ukuta wa tangi, kisiwe na kijibomba cha kuziba. Na kuhakiki kwa utepe hakulazimu kufungua kifuniko: kuna utepe wa kielektroniki unaofungwa juu ya vali ya kuzuia mvuke. Unaunga, unafungua vali, unashusha, unasoma, unapandisha, unafunga vali kabla ya kuung'oa. Ukikosea mpangilio huo wa mwisho, umefungua tangi vilevile. Sampuli ichukuliwe kwenye bomba la pembeni lenye mzunguko uliofungwa.

Dereva wa lori la tangi, Malaba
Mnazungumzia viwanda vikubwa tu. Matangi ya mabaki, ya maji machafu, ya muda wakati wa kujaribu kisima, na malori yanayoyanyonya, mnayaweka wapi? Huko hakuna rada, na mkandarasi mdogo anamtuma kibarua mmoja na fimbo ya dipu, ya kupimia kina. Tangi kubwa likitoka kujazwa, umeme tuli, unaoweza kutoa cheche, unahitaji dakika 30 kutulia kabla ya kushusha chombo, na kamba ya nailoni haifai kabisa. Wengi hawapewi hata dakika tano. Maelekezo yenyewe yameandikwa Kiingereza, wakati anayepanda ngazi anajua Kiswahili au lugha ya kwao.

Mleta mada
Dereva amenigusa pabaya. Nirekebishe: marufuku kamili kwa tangi lolote la kudumu. La muda lifunguliwe kwa kibali cha maandishi tu, kwa watu wawili, mmoja akibaki chini upande upepo unakotoka akiwa na mtungi wake wa hewa. Shinikizo lipunguzwe kwanza kupitia bomba la kupumulia, na anayefungua kifuniko asimame ubavuni, upepo ukimpiga begani, asiinamie tundu.

Mpimaji, Hoima
Kwa tangi la kudumu nakubali, kama vali ya kuzuia mvuke itakuwemo kwenye mchoro tangu mwanzo. Kuiongeza baadaye ni kumwaga tangi, kulisafisha na kuingiza watu ndani, hatari kubwa kuliko tuliyokimbia. Kuhusu la muda, bado: kibali atakitia saini nani saa nane usiku, wakati lori linangoja na anayelipwa kwa safari ni yule yule anayeamua?