Spini na mbizi ya kuzunguka: natofautishaje kwenye glaida?

Mdau wa Kigamboni: Wakuu, habari za jioni. Nilienda Ujerumani kujifunza glaida, ndege isiyo na injini, aina ya ASK 21. Mwalimu akaiingiza kwenye spini, yaani kuanguka huku inazunguka. Raundi moja tu, mshale wa mwendo ukaanza kupanda. Nikakanyaga pedali ya usukani wa mkia, ya upande wa pili, akasema, "Hii si spini tena!" Mpaka leo inanisumbua.

Mdau wa Ukonga: Mkuu, mshale ulishakujibu. Kwenye spini bawa limepoteza sehemu kubwa ya mnyanyuo, nguvu inayoibeba ndege: ndege inazunguka, mwendo unabaki mdogo. Mwendo ukipanda na mwili ukakandamizwa kitini, hiyo ni mbizi ya kuzunguka. ASK 21 haikai kwenye spini kirahisi, ndiyo maana wakufunzi wengine huiongezea uzito mkiani.

Spini: pedali yote kinyume cha mzunguko, fimbo ya kuongozea mbele mpaka mzunguko ukome, pedali katikati, vuta taratibu. Mbizi: nyoosha mabawa kwanza! Ukivuta fimbo ndege ikiwa imelala upande, unaukaza mzunguko na mabawa yanaweza kuvunjika.

Mdau wa Kigamboni: Ahsante sana kaka. Mimi mkono ulitaka kuvuta. Kila jioni kwenye pantoni nairudia kwa miguu, macho nimefumba.

Mdau wa Tabata: Fumbua, mdogo wangu. Zoea kuutafuta ule mshale kwanza.