Viwavi Konde (Pemba), viwavi Paje (Unguja): kikundi cha ukoo wa Bi Mize

[06:21] Mama Raya: Asalaam aleikum jamaa. Mumeamkaje? Mimi mzima ila sina raha. Mahindi yangu hapa Konde, ya nyuma ya mwembe, yameingiliwa. Majani yana matundu, mengine yamekwanguliwa yamebaki ngozi tupu, unaona hadi upande wa pili kama nailoni. Wiki iliyopita yalikuwa mazima wallahi.

[06:22] Mama Raya: (picha)

[06:25] Asha: Waaleikum salaam mama mdogo. Pole. Si panzi hao?

[06:27] Mama Raya: Panzi ningewaona. Hapa sioni mdudu, ila moyoni mwa mhindi pana uchafu kama unga wa msumeno uliorowa maji.

[06:40] Khamis Paje: Mama pole sana. Na mimi huku yamenikuta. Jana asubuhi kunguru wamejaa kwenye ukoka wa hoteli, wanadonoa hawana habari na mtu. Leo upande wa bwawa kipande cha mikeka minne kimekuwa rangi ya mchanga. Bosi anasema sikumwagilia maji. Nimemwagilia kila siku, Mungu shahidi.

[06:43] Saleh Maskati: Mama mdogo sema sumu bei gani, nitume hela leo leo.

[06:49] Mama Raya: Mungu akuzidishie mwanangu. Sumu nimeshapiga, na ndicho kinachoniuma. Nilikwenda dukani, nikauziwa kichupa hakina hata karatasi, nikaambiwa nizidishe mara mbili ndio wafe upesi. Nikapiga saa sita mchana juu kwa juu. Kesho yake uchafu mpya moyoni, na kunde zangu za pembeni zimeungua majani. Kuku wawili wa jirani wamekufa. Sina uso wa kumtazama.

[06:50] Asha: Ya Rabbi.

[07:12] Ami Hamad: Asalaam aleikum. Nimesoma yote. Raya, usipige tena kitu chochote kwanza. Saleh, hela iweke, itakuwa na kazi. Raya, nenda sasa hivi jua halijapanda, chukua mhindi mmoja uliolika, ufunue moyo wake jani baada ya jani mpaka umkute. Mtazame usoni. Ukiona mstari mweupe kama Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa kama miguu ya kitanda, nambie.

[07:34] Mama Raya: Nimemkuta! Alikuwa amejiziba na kinyesi chake mwenyewe. Omar kampiga picha. Y ipo. Miguu ya kitanda ipo. Rangi kama udongo, urefu kasoro kidogo ya kidole changu cha mwisho.

[07:35] Mama Raya: (picha)

[07:36] Mama Raya: Na nimemkuta mmoja tu. Mmoja ndiye aliyefanya yote haya?

[07:51] Ami Hamad: Ndiye. Huyo ni kiwavijeshi vamizi. Unamkuta mmoja kwa sababu wanakulana wenyewe kwa wenyewe, wakianza wengi anabaki mmoja au wawili. Kwao ni Amerika. Afrika alionekana 2016 kule magharibi, 2017 akawa keshafika Tanzania. Nondo wake huruka usiku na upepo, hata kilomita 100 usiku mmoja anakwenda, kwa hiyo usijilaumu kuwa umemkaribisha wewe.

Sasa sikiliza kwa nini sumu haikumfika. Mchana amejificha chini ya ile takataka, wewe umepiga juu. Tena huyo keshakuwa mkubwa, na mkubwa hafi kirahisi hata ukimpata. Dawa humuweza akiwa mdogo, pale jani linapokwanguliwa tu halijatoboka. Kuzidisha kipimo ndiko kulikounguza kunde na kuua kuku, kiwavi hakukumgusa.

[07:58] Ami Hamad: Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu, fungu moja mia na zaidi, kalifunika na manyoya kama ukungu wa mkate. Siku tatu hivi yanaanguliwa. Kiwavi anakula wiki mbili hadi tatu, na chakula kingi cha maisha yake anakila siku zile za mwisho. Ndio maana mtu anaona shamba ni zima Ijumaa, Jumatatu analia. Kisha hushuka chini, anajifukia vidole viwili vitatu ndani ya udongo, na kwa joto letu hili siku 8 au 9 anatoka nondo. Hesabu mwenyewe, mwezi haupiti unapata kizazi chengine. Huyo uliyemshika leo anakaribia kushuka.

[08:00] Mama Raya: Sasa nifanyeje ami? Mahindi yenyewe yana wiki ya nne.

[08:04] Ami Hamad: Mikono. Leo jua likizama wewe, Omar na wenzake chukueni tochi. Wakati huo wanatoka juu kula. Kopo la maji ya sabuni mkononi, kila mmoja mstari wake. Na alfajiri tena. Nusu eka yako watu wanne wanaimaliza, nimeifanya mimi mwenyewe hapa Wete.

[08:05] Ami Hamad: Hao mutakaowakamata musiwape kuku. Shamba limepigwa sumu. Wafukieni.

[08:19] Asha: Nimemsomea Bibi Mize yote, anataka kusema. Naandika anavyosema: "Mwambieni Raya jivu. Sisi mtama wetu Micheweni tukitia jivu na mchanga moyoni, kila mche kwa vidole vitatu. Nyinyi siku hizi mukiona mdudu munakimbilia duka."

[08:23] Ami Hamad: Bibi kasema kweli, na wataalamu wanasema hivyo hivyo. Jivu lipoe kwanza lichekechwe, la moto linaunguza mche. Changanya na mchanga mkavu. Mdudu huyu mchanga ukimjaa pale alipojibana hapati raha. Fanya baada ya kukamata, kwa miche yote, hata ile mizima.

[08:24] Mama Raya: Jivu ninalo la mwezi mzima jikoni.

[09:47] Khamis Paje: Ami usinisahau na mimi.

[09:55] Ami Hamad: Sijakusahau. Tia vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye lita nne za maji, umwage pale ukoka mzima unapokutana na ule mkavu. Usimwage katikati, katikati wameshahama. Subiri dakika chache, chuchumaa utazame.

[10:32] Khamis Paje: Wametoka ami!! Wanapanda juu kama mvua inarudi mbinguni. Nimehesabu 17 mahala padogo kama msala wa kusalia. Weusi mgongoni, tumboni kijani. Nimemwita bosi akaja akaona kwa macho yake.

[10:33] Khamis Paje: (video)

[10:41] Ami Hamad: Alhamdulillah jina lako limesafika. Huyo mweusi siye wa Raya. Nimemfahamu kwa rangi yake, ni kiwavijeshi wetu wa zamani, huja na mvua na hutembea kwa kundi. Chakula chake ni jamii ya majani: ukoka, mpunga, mtama, mahindi, miwa. Muhogo na kunde hagusi. Wenye mtama au mahindi karibu nawe wapitie uwaambie leo.

[10:44] Ami Hamad: Ukoka usiung'oe. Vuta unyasi mmoja, ukiwa umeshika na shina lake bichi basi huyu kala majani tu, mzizi hakuugusa. Maji asubuhi, usikate chini sana, utarudi. Kunguru waache wale. Bosi akitaka kupiga dawa, iwe yenye karatasi iliyoandikwa viwavijeshi, jioni, na watoto wa wageni wasikanyage hapo mpaka muda ulioandikwa upite.

[10:45] Khamis Paje: Nimevuta. Umeshika.

[13:20] Saleh Maskati: Mama mdogo nimetuma. Hela ya kuku wawili wa jirani, usitie yako.

[13:26] Mama Raya: Imefika. Nimelia mwanangu.

[13:40] Ami Hamad: Raya, kesho ukishakamata, hesabu. Pita mahala matano tafauti, kila mahala tazama miche 20. Miche ya umri huo ikiliwa chini ya 20 katika mia, mikono na jivu vinatosha. Ikizidi, tutatengeneza mwarobaini.

[13:42] Asha: Bibi ana mbegu kavu za mwarobaini kwenye pakacha, anasema zipo nyingi.

[13:47] Ami Hamad: Zibanguliwe, zitwangwe. Gramu 50 kwa kila lita ya maji, zilale usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo. Jioni, bomba liingie moyoni mwa mhindi. Huo huwaweza wadogo, wakubwa ni vidole vyako.

[21:15] Mama Raya: Tumetoka shamba sasa hivi. Tulikuwa watu sita, na jirani mwenye kuku alikuja na wanawe. Nimempelekea kuku wake, kakataa kumpokea mmoja, kasema mmoja tutamla pamoja mahindi yakikomaa. Kopo la maziwa limejaa nusu.

[21:16] Asha: Mashaallah.

(Kesho yake)

[07:05] Mama Raya: Nimehesabu. Miche 100, iliyoliwa 31. Nyingi upande wa mwembe, kule bondeni minne tu.

[07:09] Ami Hamad: Basi mwarobaini leo jioni, anza upande wa mwembe. Bondeni jivu tu. Na watu wa utibabu wa mimea nimewapigia, wajue Konde wapo.

[07:12] Asha: Nakuja na gari ya saa tatu na pakacha la Bibi.

[07:31] Mama Raya: Ami, huyu Omar: ameona kitu chini ya jani kama ukungu, kama ulivyosema. Amelikata jani analo mkononi. Anauliza alipeleke wapi.

[07:32] Ami Hamad: Asilipeleke popote. Alisage kwa kidole gumba hapo hapo. Hiyo ni mia na zaidi haijaanza kula.

[07:34] Mama Raya: Keshalisaga. Ameinama anatafuta jengine.