Tupeane uzoefu: mdudu uliyemwona miaka yote, kumbe hukumjua

Lanet_Nakuru: Wadau, mvua imeanza na yule mdudu mnene wa kahawia anayegonga balbu usiku amerudi. Watoto wanakimbia wakidhani ni nyigu, ila hana mwiba. Huyo ni dume la siafu! Wale wanaopita uani kwa foleni ni majike, vibarua wasio na macho kabisa. Yeye ana macho makubwa na mbawa. Msafara ukimnasa, wanamkata mbawa na kumburuta hadi kwa malkia, ambaye hajawahi kuota mbawa wala macho. Akishapanda, anakufa. Haya, leteni wenu.

NyarDunga: Sisi Kisumu ni wale nzi wadogo wa ziwani. Unaona nguzo nyeusi zinapanda juu ya maji kama moshi, kumbe wanatafutana wapate wenza. Utoto wao waliumaliza kwenye matope chini ya ziwa. Upepo ukiwaleta huku, zima taa, funga madirisha, funika sufuria. Kuna wanaowakusanya na kuwakanda vibonge vya kuliwa. Mimi bado.

Mvihiga: Kumbikumbi! Tulifunika kichuguu kwa matawi na blanketi kuukuu, tukagonga vijiti ili wadhani mvua imenyesha. Bwana wao ana bahati kuliko huyo wa Lanet: akishapata mke wanadondosha mbawa, wanachimba chumba, na anakaa na malkia wake miaka mingi.

KijanaWaMilimani: Kwa hivyo nimekuwa nikikaanga maharusi?

Mvihiga: Na chumvi juu.

Lambwe_Damu: Nimekulia kando ya mbuga ya Ruma, huko Homa Bay, na mbung'o tunajuana naye. Unampiga kofi, anaruka mzima, anarudi palepale. Lakini uzazi wake ndio kiboko. Hatagi. Yai linaanguka na kuanguliwa ndani ya tumbo la uzazi, buu moja tu kwa wakati, na mama analinyonyesha maziwa humohumo. Baada ya siku 9 au 10 hivi analizaa likiwa na uzito unaokaribia wake mwenyewe. Halili tena. Linajichimbia kwenye udongo wa kivulini, ganda linageuka jeusi na gumu, na wiki kadhaa baadaye anatoka mbung'o kamili, tayari kutafuta damu. Dume naye anafyonza, si kama mbu. Uzuri ni kwamba kwa kuzaa mmoja mmoja hivyo, mitego ikiwekwa vizuri wanapungua kweli.

Msitu_Kakamega: Huku tuna nyuki wasio na mwiba. Asali hawaweki kwenye masega, wanaiweka kwenye vijungu vya nta na utomvu. Ina uchachu kidogo, tamu ajabu.

NyarDunga: @Lambwe_Damu, ni kweli anapenda nguo za buluu? Wiki ijayo nakuja huko kwa shemeji.

Lambwe_Damu: Kweli, dada. Mitego yenyewe hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Njoo na kaki.