Fundi wa masikio amenimaliza, na mnamjua

Viazi_Mbichi: Sitaji jina. Mtu yeyote wa Nakuru mwenye gari ya kabureta anamjua, ovaroli ya bluu iliyokatwa mikono, anakalia kreti ya soda, na ule mdomo. Niko na FJ45, ile Land Cruiser ya zamani, ya marehemu babangu, petroli, injini ya 2F, imebeba viazi vya Mau Narok tangu nikiwa mdogo. Difu ya nyuma, ile gia ya kati ya magurudumu, ikaanza kulia nikanunua ingine ya mitumba, nikampelekea aone kama gia zake zinalingana na za mbele, maana hiyo gari ni foo-wili, inavuta na magurudumu yote manne, na difu zikitofautiana zinavutana. Jamaa akageuza kofia nyuma, akaweka sikio kwa difu, akaigonga na spana mara tatu, ko ko ko, kama daktari wa kifua. Akainuka na grisi kwa sikio, ati "hizi ni mapacha."

Nikanyamaza, akaifunga. Tukaja kwa taimingi, yaani plagi itoe moto wakati gani. Nikatoa taimingi laiti yangu, nimeinunua na jasho langu, nikamwambia kwa heshima, mzee, kuna kadirisha hapa karibu na stata, si tumulike tuone alama za flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa halafu akasema na sauti ya kanisa: "Kijana, hiyo taa peleka disko."

DISKO. Mama wa chai alicheka mpaka akamwagia mteja. Makanga wawili ambao hata hawakuwa na gari hapo walicheka wakishikana. Niko na miaka 41, watoto watatu, naambiwa disko.

Basi akashika distributa, ile inagawia plagi moto, na vidole viwili, macho amefunga, anaizungusha polepole kama mtu anatafuta stesheni ya redio, akakaza bolti, akasema lete pesa. Nikalipa! Kesho yake nikipanda Mau Narok injini inagonga kama mvua ya mawe kwa mabati, na asubuhi ukipiga stata injini inarudisha teke. Nikaingia matope nikaweka foo-wili, kufika pakavu gari inarukaruka kama mbuzi na ile liva ya foo-wili imekataa kutoka. Nikaenda nyumbani nikainua gurudumu moja na jeki, mengine nimeyawekea mawe, gia nyutro, nikachora chaki kwa propela, ile shafti inazungusha difu, nikazungusha hilo gurudumu raundi mbili kamili. Nyuma propela imeenda raundi tatu na zaidi ya nusu. Mbele nikafunga hubu, zile kufuli za magurudumu ya mbele, nikarudia, nne na kidogo. Yaani gia kubwa meno 37 kwa ndogo 10 huku, 37 kwa 9 kule. Mapacha wa baba wawili! Halafu mimi ndio wa kupelekwa disko.

Spana_Mkononi: Pole mkuu lakini nimecheka. Ulikuwa umevaa nini hiyo siku?

Mtu_wa_Free_Area: Kwa hivyo hesabu ya chaki unaijua na bado ulingoja ya sikio. Hapo mjinga ni nani.

Viazi_Mbichi: Wewe ukiambiwa disko mbele ya mama wa chai akili inabaki? Mimi ilitoka.

Babu_wa_Bedford: Vijana punguzeni kelele. 2F haina siri. Injini iwe ya moto, chomoa mpira wa vakiumu kwa distributa uuzibe, iache ingurume polepole bila kukanyaga mafuta, ndio umulike. Flaiwili iko na gololi ndogo ya chuma na iko na mstari. Gololi ndio digrii 7 kabla pistoni ifike juu, mstari ni juu kabisa. Wengi wanashika mstari, moto unachelewa, gari inachemka na kukosa nguvu halafu wanalaumu petroli. Na Nakuru tuko zaidi ya mita 1,800, hewa ni nyepesi, unaweza kuongeza digrii mbili tatu. Panda mlima na mzigo ukisikiza, ikigonga rudisha kidogo.

Spana_Mkononi: Ukisikiza na nini mzee?

Babu_wa_Bedford: Na masikio.

Spana_Mkononi: HAHAHAHA. Peleka taa disko!!

Viazi_Mbichi: Mzee wangu umeniuza mchana.

Babu_wa_Bedford: Nimesema taa kwanza, masikio baadaye. Na difu haina sauti ya meno 37, huyo alikudanganya.

Dala_Kisumu: Nyinyi mnalia na fundi wa gari. Fundi wa nguo hapa Kondele nilimpelekea kitambaa cha suti mita tatu mwezi wa pili, kila nikienda ni "kuja Ijumaa". Nimeenda harusi ya shemeji Ahero na suti ya kuazima, inanibana hapa kwapani, kuangalia kwaya, nani huyo mbele? Mtoto wa fundi, amevaa wesikoti ya kitambaa changu, anaimba sauti ya pili.

Mtu_wa_Free_Area: Wacha!

Mama_Kuku: Hao wa nguo ni afadhali hata. Wangu alishona shati la mume wangu vifungo upande wa wanawake, akaniambia ndio stailo.

Viazi_Mbichi: Jamani, kuna mtu ako na difu ya 37 kwa 9? Ama hata krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani, peke yake?

Spana_Mkononi: Dala, ilikuwa wesikoti tu ama na suruali?

Dala_Kisumu: Na kofia.